Watoto Wamemeza Dawa, Popi Je?

Mtaani kwetu siku hizi kila mbwa ana jina na kila paka ana mto, ila dawa ya minyoo ndiyo hawana. Zamani mbwa alikuwa mbwa: alilala nje, akabweka usiku, akala ukoko wa ugali na kwenda zake. Paka naye alijileta mwenyewe, akakamata panya wake, akalala juu ya paa la jiko. Hakuna aliyekuwa akiwabeba. Leo jirani yangu wa kushoto analala na mbwa kitanda kimoja, mbwa anamlamba usoni, naye anacheka eti ni mapenzi. Mapenzi gani? Huyo mbwa nimemwona kwa macho yangu asubuhi na mapema, pua kaizamisha kwenye kitu ambacho sitakitaja, maana huenda msomaji uko kwenye chai.

Sina ugomvi na wanyama. Kwangu wapo wawili. Kuna Popi, mbwa wa ulinzi ambaye hajawahi kumzuia mwizi ila kila asubuhi anamzuia muuza maziwa. Na kuna paka jike ambaye watoto wamemwita Bibi kwa sababu akiitwa hasogei, anageuza shingo tu. Ugomvi wangu ni na sisi wenye nyumba. Tumewaingiza wanyama ndani kwa mtindo wa watu wa kwenye televisheni, lakini matunzo tumeyaacha yaleyale ya uani. Mbwa kapanda kwenye kochi, dawa imebaki dukani.

Chukua hili la vidonge. Shuleni watoto hupangwa mstari wakamezeshwa albendazoli ya minyoo, na kwenye maeneo ya kichocho huongezewa na prazikwanteli. Wanarudi nyumbani wamevimba kichwa kwa ushujaa. Mama watoto naye ana ratiba yake: akiona mtu anasaga meno usingizini au anakula bila kunenepa, anatugawia dawa nyumba nzima, msichana wa kazi mpaka mgeni aliyekuja kulala siku mbili. Tunameza, tunakunywa maji, tunafungua midomo tukaguliwe. Popi amekaa mlangoni anatutazama. Zoezi likiisha, kitinda mimba wetu anakwenda kumkumbatia Popi shingoni, kisha anarudi kula chapati kwa mkono uleule.

Nikiuliza, najibiwa kwa sauti ya mtu aliyechoka na baba yake: "Baba, Popi alishachanjwa!"

Kachanjwa nini? Kichaa cha mbwa. Cheti kipo, kimewekwa kwenye nailoni, kinaonyeshwa kwa wageni. Nami sipingi, maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu huwa ni kifo tu, na anayesubiri kampeni ya chanjo ya tarehe 28 Septemba ampeleke mbwa wake anafanya la maana. Lakini chanjo ile ni ya kirusi. Mnyoo hausomi cheti.

Sasa nije kwenye kero yangu kubwa: mchanga.

Dar es Salaam hakuna mtaa usio na nyumba inayojengwa, na hakuna nyumba inayojengwa ikaisha. Jirani yetu wa mbele alimwaga lori la mchanga wakati kitinda mimba wangu hajaanza kutembea. Sasa mtoto anasoma, anaandika, anajibizana na mama yake. Nyumba imefika kwenye lenta ikasimama, na mchanga upo palepale. Paka wa mtaa mzima wameshakubaliana kwamba hicho ndicho choo chao. Nao ni wastaarabu, usiwaonee. Paka anafika, anafukua shimo, anakaa, anatazama mbali, anafukia, ananusa kuhakikisha kazi imekwisha, anaondoka. Nyuma yake wanafika watoto na makopo ya rangi. Wanafukua palepale, wanasonga ugali wa mchanga, wanagawana, na wale wadogo ambao hawajajua kwamba mchezo ni mchezo wanaula.

Kwenye mchanga kama huo kuna mnyoo wa mviringo wa paka na mbwa, wataalamu huuita toksokara. Jike mmoja anaweza kutaga mayai laki moja na zaidi kwa siku, na kazi hiyo anaifanya ndani ya utumbo wa mnyama anayelala kwenye kochi lako. Mayai yakitoka na kinyesi hayaambukizi siku hiyohiyo. Yanahitaji kukaa kwenye udongo wenye joto na unyevu, kama wiki mbili hadi nne, ndipo mnyoo mchanga ukomae ndani ya ganda. Kwa hiyo kinyesi cha leo, kile tunachokipigia kelele na kukirukia, si cha kuogopwa sana. Cha kuogopwa ni kile cha mwezi uliopita, ambacho kimeshaoza na kupotea, hakinuki wala hakionekani, na mayai yake bado yapo na yanaweza kudumu hata miaka. Hayo ndiyo yanayoingia kwenye kucha za mtoto.

Mtoto akiyameza, vinyoo hutoboa utumbo na kuanza kuzurura mwilini: vingine hukwama kwenye ini, vingine kwenye mapafu, na kwa bahati mbaya kingine huingia jichoni, na jicho likaharibika. Wengi hawaoni dalili yoyote. Wengine hukohoa, hupata homa, tumbo huuma. Na hapa ndipo uhodari wa wababa wa mtaani unapoonekana. Mtoto wa nyumba ya pili alikohoa wiki nzima, baba yake akampeleka kupima choo, majibu yakatoka safi. Jamaa akaja nayo barazani kwangu, akanisomea kwa sauti ya wakili: hakuna minyoo! Nikamwambia, ndugu yangu, sijui mtoto wako anaumwa nini, lakini kwa mnyoo huu karatasi hiyo haikusaidii. Toksokara haikui ikawa mnyoo mzima ndani ya mtu, kwa hiyo haitagi, kwa hiyo hakuna yai la kuonekana chooni. Huangaliwa kwa damu. Akanitazama, akakunja karatasi yake, akaniuliza kama na mimi siku hizi ni daktari.

Usisahau pia vitoto. Mtoto wa mbwa hupokea minyoo hii kwa mama yake kabla hajazaliwa, na wa paka huipata kwa kunyonya. Yule mdogo mwenye tumbo la duara ambaye kila mtu anambeba akisema "tazama alivyoshiba" mara nyingi hajashiba. Amejaa minyoo. Ndiyo maana madaktari wa mifugo husema kitoto cha mbwa kianze dawa kikiwa na wiki mbili tu, irudiwe kila baada ya wiki mbili mpaka aache kunyonya, na baadaye mbwa mkubwa apewe kila miezi mitatu hivi. Mwambie hivyo kijana anayeuza vitoto vya mbwa kwenye boksi la karatasi kando ya barabara, uone atakavyokutazama.

Kuna na safura yao. Si ile ya binadamu inayokunywa damu tumboni. Hii ni ya paka na mbwa, inayosubiri kwenye mchanga mtu apite pekupeku. Mpwa wangu alikwenda ufukweni Kigamboni na wenzake, wakalala mchangani chini ya minazi, wakapiga picha, wakarudi wamechomwa na jua. Baada ya muda mguu ukaanza kuwasha, hasa usiku. Ukitazama kwa karibu unaona mstari mwekundu mwembamba, umevimba kidogo, umepindapinda kuanzia kisiginoni. Keshoye ulikuwa umesogea. Tuliweka alama ya kalamu mahali ulipoishia, asubuhi ukawa umeipita.

Unadhani walisema nini nyumbani? "Kakanyaga kitu huyo." Bibi mmoja jirani akataka aitwe mtu wa kumtazama. Mwingine akaja na mafuta ya taa, mwingine na wembe. Nami nikasema ndiyo, kakanyaga kitu, ila aliyekitega ni mbwa wa ufukweni, na hakuwa na nia mbaya. Mnyoo ule mchanga hutoboa ngozi, lakini kwa mtu kwa kawaida hauwezi kupenya zaidi ya hapo, kwa hiyo unahangaika chini ya ngozi kwa wiki kadhaa mpaka ufe. Wewe ndiye unayejikuna mpaka ukapata kidonda. Daktari alimpa vidonge, mstari ukasimama, wembe ukarudi kwa mwenyewe. Ukienda pwani, tandika kitu ukitaka kulala, vaa ndala, na mchanga uliooshwa na maji ya bahari ni afadhali kuliko ule mkavu wa juu kabisa ambako mbwa na paka wanajipumzisha.

Haya yote ningeyavumilia. Kilichonifanya nikae chini niandike ni kesi ya Bibi.

Binti yetu mkubwa amekuja kujifungulia nyumbani, mimba ya kwanza, kama desturi ilivyo. Dada yangu, shangazi yao, akapanda basi kutoka Tanga kuja kumwangalia. Hata mkoba hajautua, akamwona paka.

"Mdogo wangu, huyu anafanya nini humu ndani na mja mzito yupo?"

"Anaishi, dada."

"Manyoya ya paka yanaziba kizazi. Na mtoto akizaliwa, pumu hiyo hapo. Aondoke leo."

Kikao kikaitishwa. Dada kwenye kiti cha mbele, mama watoto pembeni, mama mkwe wa binti kwenye simu iliyowekwa sauti ya juu, mimi kwenye stuli. Mshtakiwa alikuwa juu ya friji, anajilamba mguu. Mashahidi walikuwa wengi: yupo aliyejua mwanamke wa Pangani aliyeharibu mimba kwa paka, yupo aliyesikia kwa mtu. Hakuna aliyetaja kinyesi. Wote walikuwa kwenye manyoya.

Kinachoniudhi kwenye maneno ya dada yangu ni kwamba hayakosi ukweli kabisa. Ukweli upo, ila wameuweka mahali pasipo pake. Kimelea kipo, kinaitwa toksoplazma. Charles Nicolle na Louis Manceaux walikieleza mwaka 1908 jijini Tunis, walipokikuta kwenye mnyama mdogo wa jamii ya panya aitwaye gundi. Jamii ya paka, wa nyumbani mpaka wa porini, ndiyo pekee ambamo kimelea hiki humaliza uzazi wake na kutoka na kinyesi. Mwanamke akikipata kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa na madhara ya ubongo au macho. Na mtu ambaye kinga yake imeshuka sana kwa VVU, kimelea kilichokuwa kimelala mwilini kinaweza kuamkia kwenye ubongo. Ndiyo moja ya sababu watu hao hupewa septrini. Kwa hiyo mzaha hapa haupo.

Lakini manyoya hayamo. Paka hutoa vimelea hivi kwenye kinyesi kwa muda wa wiki moja hadi tatu hivi, kwa kawaida pale anapoambukizwa mara ya kwanza, basi. Na vikitoka haviko tayari. Vinahitaji siku moja hadi tano kukomaa ndipo viweze kuambukiza. Maana yake ni kwamba kinyesi kikizolewa kila siku, hatari yenyewe imezolewa kabla haijaiva. Mja mzito asiwe ndiye mzoaji, na akikosa mtu kabisa, avae glavu na anawe kwa sabuni. Hilo nililieleza vizuri, kwa utulivu, nikidhani natetea haki.

"Sawa," akasema mama watoto. "Nani atazoa?"

Chumba kikanyamaza. Hata simu ilinyamaza. Macho yote yakanigeukia, na ya paka yakiwemo. Hivyo ndivyo nilivyopata cheo nilichonacho sasa, chenye ndoo na kijiko cha plastiki, bila posho.

Na hebu tumsikilize mshtakiwa. Bibi aliletwa nyumbani kukamata panya. Panya wapo kwa sababu ya jalala nyuma ya ukuta, ambalo hakulijaza yeye. Paka hupata toksoplazma kwa kula panya na ndege wenye vimelea, na kimelea chenyewe kina ujanja: panya aliyekipata hupungukiwa na woga wa harufu ya paka, akajipeleka kwenye makucha kwa miguu yake. Sasa tumemwajiri kazi, akaumwa kwa kazi hiyohiyo, tunamfukuza bila notisi.

Jioni ya siku ya kikao, dada yangu akamtuma kijana kona akalete mishikaki. "Chagua laini, ni ya mja mzito." Ikaja imefungwa kwenye gazeti, nje nyeusi tititi, ndani nyekundu. Pembeni kachumbari, kutoka kwa kijana yuleyule ambaye nyanya zake anazisuuza kwenye ndoo moja tangu mchana, maji yameshageuka rangi. Nikasimama. Nikawaambia kwamba kimelea kilekile tulichomfungulia paka mashtaka hujificha kwenye nyama, iwe ya mbuzi, ya kondoo au ya nguruwe, kikisubiri mtu aile kabla haijaiva. Na kwamba mboga mbichi isiyooshwa huwa na udongo wa bustani ambayo paka wasiojulikana wamepita. Katika nchi nyingi nyama isiyoiva ndiyo mojawapo ya njia kubwa za kuupata ugonjwa huu. Paka wetu tunamjua. Hiyo mbuzi nani anaijua?

Dada akatafuna taratibu, akameza.

"Nyama haina manyoya," akasema.

Niliichukua ya binti nikairudisha kwenye jiko la mkaa mpaka ikakauka. Ananilaumu mpaka leo kwamba ilikuwa ngumu.

Popi naye ana jalada lake, na hili halina kicheko kirefu. Kila sikukuu mtaani kwetu huchinjwa mbuzi, na mchinjaji akipasua akakuta kwenye ini au mapafu vifuko vyeupe vyenye maji, anakikata kipande hicho kwa karaha na kumtupia mbwa. "Naye ale, ni sikukuu." Hapo ndipo mbwa anapopata tegu mdogo sana, wa milimita chache tu, anayekaa kwenye utumbo wake kwa wingi bila mbwa mwenyewe kujua. Mayai hutoka na kinyesi, yakashika kwenye majani ambayo mbuzi wengine watakula, au kwenye manyoya ya mbwa, na kutoka hapo kwenye mkono wa mtoto. Ndani ya mtu yai huwa kifuko cha maji, mara nyingi kwenye ini, kinakua polepole kwa miaka bila kuuma, mpaka siku tumbo limejaa na daktari anazungumzia upasuaji.

Turkana, kaskazini mwa Kenya, wanaujua ugonjwa huu kuliko karibu watu wote duniani. Huko mbwa huishi na familia kibandani, na kwa jadi amekuwa hata mlinzi na msafishaji wa mtoto mchanga. Shirika la AMREF lilianza huko mpango wa kuudhibiti mwaka 1983, wakizunguka kwa mashine ya kupima tumbo na dawa za mbwa. Aisilandi nayo, nchi ya barafu isiyofanana na Turkana kwa lolote isipokuwa kondoo na mbwa, iliteswa na ugonjwa huu karne nzima ya 19. Daktari Harald Krabbe kutoka Denimaki akaandika kijitabu kuhusu tegu wa mbwa, kikachapishwa kwa Kiaisilandi mwaka 1864 na kugawiwa bure majumbani. Watu wakakisoma. Wakaacha kuwalisha mbwa matumbo, sheria zikafuata, mji wa Reykjavik ukapiga marufuku ufugaji wa mbwa kuanzia 1924 mpaka 1984, na ugonjwa ukatokomezwa. Walitumia kijitabu. Sisi tuna simu mbilimbili, tunatumiana video za mbwa anayecheza muziki.

Wazee wa Pwani chombo kilicholambwa na mbwa walikiosha mara saba, moja kwa udongo. Wajukuu wao wanawacheka, kisha wanakwenda kulambwa midomo.

Viroboto sitawapa nafasi kubwa, wameshajichukulia ya kutosha. Ila ukiona mbwa anajiburuza makalio kwenye sakafu, na mkiani pamegandia vitu vidogo vyeupe mithili ya punje za mchele, huyo ana tegu wa aina nyingine, na tegu huyo husafiri ndani ya kiroboto. Mbwa humpata kwa kujitafuna na kumeza kiroboto. Mtoto mdogo humpata kwa njia hiyohiyo, akicheza na mbwa na kuweka mikono mdomoni. Ukitibu tegu ukaacha viroboto, umetibu bure. Na inzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa naye ana urafiki na mbwa, maana funza wake humpenda sana. Popi analala chini ya kamba ya nguo, mama watoto ameamuru kila kitu kipigwe pasi pande zote mbili mpaka soksi, na anayepiga pasi mnamjua.

Basi nikamwita bwana mifugo. Alifika kwa pikipiki, akauliza swali moja tu: mbwa ana kilo ngapi? Dawa hupimwa kwa uzito. Ukikisia ukapunguza, minyoo haifi. Ukizidisha, unamuumiza mnyama. Mbwa hakai kwenye mzani, kwa hiyo unapanda nawe umembeba, unasoma, unamshusha, unapanda peke yako, unatoa. Hesabu ikafanyika hadharani. Uzito wa Popi ulipatikana, na wangu pia, kwa sauti, mbele ya dada yangu. Tangu siku hiyo wali kwenye sahani yangu umepungua na hakuna aliyetoa maelezo.

Popi alimeza vidonge ndani ya kipande cha ini lililopikwa, hakuuliza. Bibi alikuwa shughuli nyingine. Tulikificha kidonge ndani ya dagaa. Akala dagaa, akakiacha kidonge sakafuni kimelambwa kikang'aa. Tukakisaga kwenye maziwa. Akanusa, akanitazama mimi, akaondoka. Mwishowe bwana mifugo akamfunga kwa kanga, kichwa tu kikabaki nje, akamfungua mdomo, akakiweka nyuma kabisa ya ulimi, akaufumba na kumpapasa koo. Paka akameza. Tukapiga makofi. Kidonge tulikikuta baadaye nyuma ya mlango. Ilibidi arudi na dawa ya majimaji na bomba.

Kabla hajaondoka aliniambia mambo ambayo nayapitisha kwenu kwa kuwa nimeshayaona yakifanyika. Kuna dawa za bei rahisi madukani, kama piperazini, zinazotoa minyoo ya mviringo tu na kumwacha tegu amekaa. Uliza inaua nini. Dawa ya viroboto ya mbwa usimpake paka, maana nyingi zina pemethrini, na hiyo humuua. Paracetamoli pia, kidonge kile unachokula wewe ukiumwa kichwa, kinaweza kuua paka. Na usiwagawie wanyama dawa ya minyoo iliyobaki ya watoto kwa kukisia kwamba mnyoo ni mnyoo.

Nililipa, na pesa yenyewe haikufika bei ya kilo ya nyama. Dada yangu aliona risiti, akasema pesa hiyo ningenunua mishikaki.

Bibi yupo, amerudi juu ya friji. Wewe uliye na mja mzito nyumbani, mwache paka wako alipo, mzolee kila siku, na nyama irudi motoni. Wewe uliyechinja, kifuko cha maji kifukie shimo refu au kichome moto, mbwa asikiguse. Na wewe jirani yangu wa mbele, unayesoma safu hii kila wiki na kujifanya hujaiona, turubai linauzwa pale sokoni. Kanunue ufunike ule mchanga, na likikushinda, malizia nyumba.